Paspoti ya bluu, uzee wa nyumbani: mliostaafu Marekani mkarudi, tupeane uzoefu

Mzee wa Pongwe
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 66. Miaka 29 nimekula baridi ya Minnesota, mingi yake nikihudumia wazee wa watu, kuwaogesha na kuwalisha. Sasa mzee ni mimi, nimerudi Tanga. Pale uwanja wa ndege Dar nikapanga foleni ya wageni. Uraia wa Marekani nilichukua 2008, na sheria yetu ya uraia ya 1995 haina mzaha: mtu mzima ukichukua wa nje kwa hiari yako, wa kwako umekwenda. Nilijua tangu siku naapa. Lakini kutoa dola 100 za viza kuingia nchi kilikozikwa kitovu changu, wallahi mkono ulikuwa mzito.

Viza hiyo ya Wamarekani ni ya mwaka, unatoka na kuingia, ila kila ukiingia usipitilize siku 90. Kwa hiyo mwanzoni nilikuwa navuka Horohoro, nakunywa chai upande wa Kenya, narudi. Chai yenyewe ya dola 30 na ushee, maana tangu Januari 2024 Kenya nako unaomba idhini ya kuingia mtandaoni kabla ya safari. Mara ya pili afisa akaniangalia, akaangalia paspoti, akaniuliza, "Mzee wangu, Pongwe unatalii nini?" Nikajua mchezo umekwisha. Nikatafuta kibali cha ukaazi daraja C, fungu la wasioajiriwa wala kufanya biashara: wanafunzi, watafiti, wastaafu. Karatasi iliyonibeba ni ile barua ya Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani, inayoonyesha napokea kiasi gani kwa mwezi.

Habari za hadhi maalum ya diaspora tuziundie uzi wake, humu zitatula siku nzima. Nataka yale ya kila siku. Nini kilikuumiza ambacho hakuna aliyekwambia?

Bado Miaka Minne
Naweka kambi hapa. Nipo Texas, naandika kwenye daftari.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Mimi nitamsema kaka yangu, yeye hawezi kuandika, ana hasira bado.

Kaka alirudi Morogoro akiwa na 65 kamili. Akapiga hesabu: Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipi hospitali za nje ya Marekani, na Sehemu B yake inakatwa ada kila mwezi kwenye pensheni. Kwa nini alipie kitu asichotumia? Akaifuta. Kwa hesabu ya kikaratasi alikuwa sahihi kabisa, na mimi nilimsifu.

Mwaka wa tano moyo ukaanza kumsumbua. Daktari wake hapa akamwambia, una uraia wa kule, nenda. Akafika kwa mwanawe Ohio mwezi wa sita. Sehemu A ilikuwepo, ile haidai ada kwa aliyefanya kazi miaka kumi. Sehemu B, ambayo ndiyo inamlipa daktari, akaambiwa dirisha la kujiandikisha ni Januari hadi mwisho wa Machi. Subiri. Na ukishaandikishwa, kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa bila Sehemu B unaongezewa asilimia 10 ya ada. Yeye imekuwa asilimia 40. Si ya mwaka mmoja, ni mpaka aingie kaburini.

Simwambii mtu afute au asifute. Mwenye ukoo wenye kisukari na presha kama wetu ajiulize mara mbili.

Mweka Hazina
Mzee wa Pongwe umeuliza kilichoniumiza. Kikoba.

Nilirudi Moshi nikapokelewa kama mfalme, wiki ya tatu nimeshachaguliwa mweka hazina wa kikundi cha ukoo cha kufa na kuzikana. Sababu ni ile ile, "huyu katoka Marekani, hana njaa, hatatuibia." Nikaweka sahihi benki pamoja na mwenyekiti na katibu. Akaunti ilikuwa na shilingi milioni 34. Hata senti moja si yangu.

Sasa mjue, raia wa Marekani popote alipo anaendelea kupeleka mahesabu ya kodi kule. Juu ya hapo kuna ripoti nyingine, FBAR, haiendi pamoja na fomu ya kodi, inajazwa peke yake mtandaoni. Akaunti zako zote za nje zikijumlishwa zikavuka dola 10,000 hata kwa siku moja ndani ya mwaka, unaripoti. Na "zako" kwao ni pamoja na akaunti ya watu ambayo wewe una mamlaka ya kutia sahihi. Yaani fedha za sanda na ubani za ukoo wangu zinatakiwa zijulikane Washington.

Nilikaa miaka miwili sijui. Binti yangu ndiye aliyenishtua, yeye anasoma uhasibu. Nikajaza za nyuma na maelezo kwa nini nimechelewa. Hakuna kodi inayodaiwa hapo, ni taarifa tu, lakini faini za kunyamaza zinatisha kuzisoma usiku.

Kikao kilichofuata nikaomba kujiuzulu. Nikawaeleza. Shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe bado wamemfunga kamba." Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Sasa nakagua vitabu tu, sahihi sitii.

Bado Miaka Minne
Duh. Mimi nimeshatia sahihi tatu nikiwa huku huku.

Mweka Hazina
Jumlisha leo, kijana.

Mkilifi
Sisi upande wa Kenya Mungu alituonea huruma na Katiba ya 2010. Mimi ni mzaliwa, nilirudisha uraia wangu, naingia Moi International na paspoti yangu ya Kenya, nikienda Marekani natoa ile nyingine. Shida ilikuwa ni mume wangu, Mmarekani wa Alabama, hajui Kiswahili zaidi ya "pole". Wazee wenzake pale Kilifi wengi wanatumia kibali cha Class K: uwe umefika miaka 35, na uonyeshe mapato ya hakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, kisha usiajiriwe. Anayeishi kwa Social Security peke yake anaweza asifikie hapo. Na shamba wasidanganywe na mawakala wa ufuoni: asiye raia anapata lisi, yaani kukodi, mwisho miaka 99. Akikuuzia frihodi, umiliki usio na mwisho, huyo anakuuzia bahari.

Bi Lushoto
Naomba nichangie, mimi sijawahi hata kufika Marekani.

Niliolewa na Mmarekani mstaafu, tukaishi Lushoto miaka tisa, tukilima karoti na kufuga. Alikuwa akiniambia, "Nikifa hii pensheni itakutunza." Alikuwa akisema kweli kama alivyoijua yeye. Alipofariki mtoto wa dada yake ndiye aliyewasiliana na Social Security. Kwanza ile ya mwezi aliofia ikarudishwa, maana mwezi wa kifo haulipwi. Tukaomba ya mjane. Tukajibiwa kwamba mjane asiye raia, anayeishi nje, anatakiwa awe aliishi Marekani miaka mitano akiwa ndani ya ndoa hiyo. Mimi hata siku tano sina.

Silalamiki, nyumba ipo. Nawaomba tu akina baba mliooa huku mkishastaafu, msome hilo mngali hai, muweke akiba pembeni kwa jina la mama.

Mzee wa Pongwe
Pole sana mama. Mungu amrehemu mzee wetu. Hili sikulijua kabisa.

Kijana wa Zamani
Fupi. Nilikuwa na grini kadi, si uraia. Nilikuja kumuuguza mama Kigoma, nikakaa miezi 14. Kumbe ukivuka mwaka bila kile kibali cha kurejea unachoomba kabla ya kuondoka, wanahesabu umeiacha kadi. Mama alipona, alhamdulillahi. Kadi haikupona.

Mzee wa Pongwe
Na mimi nimalizie deni langu. Nilifanya uungwana nikawapa Social Security anwani ya Tanga, sanduku la shemeji. Ukiwa na anwani ya nje wanakuletea fomu, 7162, wanauliza kama ungali hai, umeoa, unafanya kazi. Usipoirudisha wanasimamisha malipo. Yangu ililala miezi mitatu chini ya kalenda za shemeji, tena kaifungua akadhani tangazo. Hela ikakatika. Kuirudisha kulihitaji simu, na simu ikahitaji niingie akaunti yangu ya benki mtandaoni, na benki ikatuma namba za siri kwenye laini yangu ya Minnesota niliyoiacha ife.

Mama Wawili
Ukafanyaje sasa mzee?

Mzee wa Pongwe
Mwanangu kaniletea laini mpya Desemba. Iko kwenye kitochi, nimekifunga raba mfuniko usitoke, kinakaa juu ya kabati la vyombo ambako mtandao unashika. Mjukuu ana miaka saba. Kikilia anapiga kelele mpaka uani: "Babu, Marekani!"

Bado Miaka Minne
Mzee, hiyo laini unailipia kiasi gani kwa mwezi?