Makala ikitumwa jarida la elimu, inapita mikononi mwa nani?

Chaki_Nyeupe: Wakuu, makala ikionyesha "iko kwa wahakiki" miezi mitatu mfululizo, nani anaisoma? Na nikimwandikia mhariri, nitajiharibia?

KalamuNyekundu: Haiendi kwa wahakiki moja kwa moja, mkuu. Mhariri huipitia kwanza: inahusiana na jarida? Imezidi urefu? Kibali cha utafiti kimetajwa? Ripoti ya wizi wa kitaaluma inasemaje? Nyingi hurudishwa hapo hapo. Ikivuka, hutafutwa wahakiki, yaani wataalamu wa fani hiyo wa kuipima, kwa kawaida wawili, wasiomjua mwandishi wala yeye hawajui. Hapo ndipo muda unapoliwa: kazi hii kwa kawaida haina malipo, walioalikwa hukataa au hukaa kimya, mhariri anaanza kutafuta upya. Miezi mitatu ni kawaida. Andika mistari miwili, taja namba ya mswada, uliza imefikia hatua gani. Huharibu kitu.

Hojaji: Wakati unasubiri, jisomee mwenyewe kwa jicho la mhakiki. Kinachoangusha makala za elimu mara nyingi ni hitimisho kuizidi data. Umewasaili walimu 12 wa shule mbili, kisha unaandika "walimu nchini wanaamini". Au darasa moja limefundishwa kwa mbinu mpya, jingine kwa ya zamani, ukalinganisha alama za mwisho bila mtihani wa awali. Mhakiki atauliza: umejuaje kwamba hawakutofautiana tangu mwanzo? Swali hilo ni gumu kulijibu baada ya data kukusanywa, na ndiyo maana linaua makala.

Na kwa kuwa mhakiki hatakiwi kukujua, jina lako likague kila mahali: sifa za faili la Word, shukrani, na sentensi kama "nilivyoonyesha awali" yenye rejeo lako mwenyewe.

Chaki_Nyeupe: Ahsanteni. Na wakisema "marekebisho makubwa"?

KalamuNyekundu: Hiyo ni habari njema, mlango bado uko wazi. Tengeneza jedwali la safu tatu: hoja ya mhakiki kama alivyoiandika, ulichobadilisha, ukurasa na mstari. Usiruke hata hoja moja. Usipokubaliana naye, sema hivyo kwa heshima na utoe ushahidi. Kukataa kwa sababu kunakubalika, kunyamaza ndiko kunakoudhi.

Hojaji: Wahakiki wakipingana, mmoja anataka nadharia iongezwe na mwingine ipunguzwe, muulize mhariri kabla hujagusa aya yoyote. Wao hushauri, yeye ndiye anayeamua.