Mjadala: White Sox, timu ya besiboli ya Chicago, wameanza msimu wa 2025 kwa 2-2 (wameshinda mbili, wamepoteza mbili). Turudi uwanjani, au tuendelee kususia?

Mleta mada:

Wakuu mlioko Chicago na wengine mnaofuatilia besiboli, salaam. Jana usiku nilikuwa South Side, White Sox wakiwachapa Minnesota Twins 9-0. Baridi ya kukata masikio, viti vingi vitupu. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja na karatasi yake ya hesabu za mechi na kipisi cha penseli. Kila mrushaji wetu Martín Pérez akimtoa mpigaji kwa straiki tatu, mzee anachora herufi K. Iningi sita kati ya tisa (iningi ni duru ambayo kila timu inapata zamu ya kupiga) zilipokwisha alikuwa na K tisa, na safu ya hiti za Twins, yaani mapigo ya kumfikisha mpigaji kituoni, nyeupe kabisa. Akanigeuzia ile karatasi: "Hii ni timu yetu kweli?"

Kwa asiyejua: mwaka jana, 2024, timu hii ilishinda mechi 41 ikapoteza 121. Tangu 1901 hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kupoteza nyingi hivyo. Ilianza msimu kwa 3-22, halafu katikati ikafungwa mechi 21 mfululizo. Baada ya mechi nne za mwanzo haikuwa na ushindi hata mmoja. Sasa ina miwili.

Najua, mechi nne kati ya 162 si kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami niliumwa mara 121. Ila kinachonipa moyo si huo ushindi, ni warushaji. Kijana Sean Burke, miaka 25, alifungua msimu dhidi ya Los Angeles Angels akarusha iningi sita bila kuruhusu mkimbio (pointi), tukashinda 8-1. Mbili tulizopoteza ziliisha 1-0 na 3-2. Mwaka jana tulikuwa tunazima televisheni iningi ya nne.

Swali langu: turudi tununue tiketi, au tususie mpaka mwenye timu, Jerry Reinsdorf, auze? Nawasilisha.

Kaka wa Mtaa wa 35:

Mkuu, umesema vijana halafu unamsifia Pérez. Pérez anatimiza 34 wiki hii na mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Akirusha vizuri mpaka Julai atauzwa, akirusha vibaya tutabaki naye. Mrushaji wetu wa uhakika alikuwa Garrett Crochet, na Desemba wamempeleka Boston.

Na hili watu wa mpira wa miguu hawalielewi haraka: ligi hii haina kushuka daraja. Nyumbani timu ikishika mkia, viongozi hawalali, msimu ujao wanacheza huko chini na mapato yanakauka. Huku unapoteza 121, mwakani umo tena, na mgao wa televisheni unakuja. Mwenye timu aogope nini? Viti vitupu peke yake.

Dada wa Pittsburgh:

Mimi ni wa Pirates, timu ya huku Pittsburgh, poleni. 2023 tulianza 20-8. Ishirini kwa nane! Nikanunua jezi. Tukamaliza 76-86. Jezi bado ninayo.

Mlipakodi:

Tiketi ni jambo dogo. Uwanja mnaokaa umefunguliwa 1991 kwa fedha za umma, na mwaka jana Reinsdorf huyo huyo aliomba umma uchange tena, kama dola bilioni moja, ajenge mpya kwenye kiwanja kinachoitwa The 78. Aombe akiwa na timu gani? Mkijaza uwanja Aprili, atawaonyesha wabunge picha za umati. Mimi siendi.

Mleta mada:

Kaka, kwa Pérez umenikamata, nakubali. Lakini Crochet hakwenda bure. Boston walitoa vijana wanne, na mmoja wao, mdakaji Kyle Teel, yuko Charlotte, kwenye timu yetu ya ligi ya chini, ananolewa. Hata faida ya kushika mkia tumenyimwa: kanuni inatuzuia kupata tena nafasi za juu za kuchagua wachezaji wapya kwa sababu tulizipata mwaka uliotangulia, kwa hiyo tutachagua wa kumi. Nani basi atatuokoa kama si hao walioko tayari?

Dada, pole na jezi. Ila timu ya Washington, Nationals, 2019 walikuwa 19-31 mwezi Mei, na Oktoba wakabeba kombe. Mwanzo unadanganya pande zote mbili.

Mlipakodi, kwenye hela za uwanja niko nawe asilimia mia, nitampigia simu mwakilishi wangu. Kwenye kususia ndipo tunaachana. Septemba iliyopita nilikuwemo watu walipokuja kushuhudia kipigo cha 121, wanaimba "uza timu". Timu ikawapiga Angels mechi zote tatu. Sauti ile ilisikika kwa sababu tulikuwa ndani. Kiti kitupu hakiimbi.

Tiketi ya msimu mzima sinunui, hapo hamnipati. Nanunua mechi moja moja, tena za viti vya juu. Nitawatazama Burke na wenzake mpaka mwisho wa Mei, na kama wanarusha hivi hivi joto likishapanda na mipira ikianza kuruka mbali, tutaongea lugha nyingine. Twins bado wapo mjini. Mzee wa penseli kasema nimkute safu ile ile.