Binti yangu kaambiwa avae hedigia ya meno, baba yake anataka tusubiri

Mama_Wete
Asalaam alaykum. Binti yangu ana miaka 10, meno ya juu yametoka mbele hata mdomo haufungi. Alinyonya kidole mpaka alipoanza skuli. Tulivuka Unguja, daktari wa meno akasema atiwe pete kwenye magego ya juu kisha avae hedigia, ule waya unaotoka mdomoni ukafungwa kwa mkanda nyuma ya shingo. Baba yake anasema tungoje akue, atiwe waya za kawaida tu. Mtoto mwenyewe analia, anaogopa kuchekwa chuoni. Nishaurini.

BintiMkunazini
Waalaykum salaam. Chuoni hawatamwona nayo. Wangu alikuwa akivaa jioni akisharudi, analala nayo, mpaka zitimie saa 12 hadi 14 kwa siku. Wakati wa kula anaivua. Siku za mwanzo magego yanauma, basi mpikie uji, ubwabwa, samaki wa mchuzi. Kashata na miwa aviache, vinalegeza pete. Akiruka usiku mmoja kwa sababu ya maumivu, kesho yake yanazidi, kwa hiyo kaa naye mpaka alale.

Tabibu_Meno
Dada, mwambie baba yake kwa upole kwamba hedigia inataka mtoto anayekua. Inazuia taya la juu lisizidi kwenda mbele huku la chini likiendelea kukua, na inasukuma magego nyuma. Akishakomaa, waya za kawaida zinapanga meno lakini taya hazilirudishi. Wengine huishia kung'olewa meno au kupasuliwa taya. Tena meno yaliyotokeza huvunjika upesi mtoto akianguka.

Kuna jambo moja naomba ulisimamie wewe mwenyewe kila siku: avue mkanda kwanza, ndipo autoe waya mdomoni. Waya ukivutwa na mkanda ungali umefungwa, huchomoka na kurudi usoni kwa nguvu. Wako watoto waliopoteza jicho kwa njia hiyo. Muulize daktari kama mkanda una klipu ya kujiachia ukivutwa sana. Kama hauna, omba wenye nayo. Asicheze akiwa ameivaa, na wadogo zake wasiishike. Jicho likiguswa na waya, hata mkwaruzo mdogo, hospitali siku hiyo hiyo, maana waya umetoka mdomoni na vijidudu vyake.

Mama_Wete
Hilo la jicho hatukuambiwa. Na pete ikilegea huku Pemba, ndiyo nipande boti?

Tabibu_Meno
Asiivae mpaka pete ibandikwe upya. Mpigie daktari wako kwanza, umuulize kama daktari wa meno wa hospitali ya karibu nawe anaweza kuibandika. Marejeo ya kawaida, kila baada ya wiki kadhaa, lazima yawe kwake, kwa sababu nguvu ya mkanda anaipima yeye.

Mama_Wete
Ahsanteni sana. Baba yake nimemsomea yote. Amekubali, ila anataka twende naye, auone huo mkanda na klipu yake kabla mtoto hajatiwa pete.