Mwezi wa mwisho kabla ya mtihani wa kuingia uzamili, udaktari na meno: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kuna wenzetu wamebakiwa na siku 30 hivi kabla ya mtihani wa kuingia uzamili, wa tiba na wa meno. Naomba kila aliyepita njia hii aeleze alichofanya yeye mwenyewe, si alichosikia. Naanza.

Mara ya kwanza nilianguka, na mwezi huo wa mwisho ndio ulioniangusha. Nilikuwa nimesoma vizuri miezi saba. Zikiwa zimebaki wiki nne, mwenzangu akaniletea mkusanyiko mpya wa maswali, maelfu, akaniambia hayo ndiyo yanayotoka. Nikaacha madaftari yangu nikauvamia. Sikuumaliza, na niliyoyajua zamani yakapoa. Kwenye chumba cha mtihani naliona swali, najua kabisa nilisoma habari zake upande wa kushoto wa ukurasa, juu, lakini jibu halinijii. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Mara ya pili, siku ya 30 nilifunga mlango kwa vitu vipya. Nikabaki na daftari la makosa. Humo siandiki jibu sahihi peke yake, naandika nilikosea wapi. Mfano: mgonjwa wa kilo 70 ameungua asilimia 30 ya mwili, amefika hospitali saa 3 baada ya kuungua. Kwa fomula ya Parkland, ile ya kukadiria maji ya dripu kwa aliyeungua, mililita 4 mara kilo mara asilimia, anahitaji mililita 8,400 ndani ya saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Hesabu nilipata, swali nikakosa, kwa sababu saa 8 zinaanza alipoungua, si alipofika. Zimebaki saa 5, kwa hiyo ni mililita 840 kwa saa. Daftarini nikaandika: "Saa inaanza kwenye moto, si mlangoni." Sijalikosa tena swali la namna hiyo.

Karibuni.

Chonge

Asante mkuu kwa kutukumbuka na sisi wa meno.

Kosa langu lilikuwa kudharau masomo ya msingi. Nilijiambia mimi ni wa meno, nikazama kwenye upasuaji wa kinywa na meno bandia, nikaziacha anatomia, fiziolojia na famakolojia ziote vumbi. Karatasi ilipokuja, hayo niliyoyaacha yalikuwa sehemu kubwa, tena maswali yake ndiyo mepesi kwa aliyeyagusa.

Kitu kilichonisaidia mwezi wa mwisho ni karatasi moja tupu kila asubuhi. Kabla sijafungua chochote naandika kwa kichwa mpangilio wa meno ya kudumu kuota. Gego la kwanza karibu miaka 6, nyuma ya magego ya utotoni, wala halichukui nafasi ya jino lolote. Chonge ya chini miaka 9 hadi 10, kabla ya magego madogo. Chonge ya juu miaka 11 hadi 12, na gego dogo la kwanza huwa limeshaitangulia. Tofauti hiyo ya juu na chini wanaipenda sana watunzi. Wiki ya kwanza nilichanganya kila siku. Wiki ya tatu mkono ulikuwa unaandika wenyewe.

Zamu ya Usiku

Mimi sikupewa likizo. Nimesoma mwezi mzima nikiwa wodini, zamu za usiku tatu kwa wiki. Kwa hiyo ratiba za saa 12 kwa siku mnazozisoma mahali pengine, kama unafanya kazi ziache, zitakuvunja moyo bure.

Nilichofanya ni kubeba maswali 20 mfukoni, yaliyoandikwa kwa mkono, jibu nyuma. Chai inachemka, maswali matano. Mgonjwa yuko picha, mengine matano. Halafu wagonjwa wenyewe wakawa marudio yangu. Usiku mmoja alikuja mzee potasiamu ya damu iko juu, mawimbi ya T yamechongoka kwenye kipimo cha moyo. Tukampa kalsiamu glukoneti kwanza. Daktari mkubwa akaniuliza: umeshusha potasiamu? Nikasema ndiyo. Akasema hapana, umeukinga moyo tu, potasiamu bado iko palepale, sasa leta insulini na glukosi iisukume ndani ya seli. Wiki mbili baadaye swali lile lilikuwa mbele yangu, na nilimwona yule mzee kabla sijaona machaguo.

Siku 10 za mwisho nilibembeleza wenzangu tubadilishane zamu ili nilale usiku. Ombeni mapema. Mtihani wa asubuhi haufanyiki na mwili uliozoea kulala mchana.

Mama Mapacha

Nachangia kuhusu mitihani ya majaribio. Wiki ya tatu kabla ya mtihani alama zangu zilishuka ghafla, nikataka kuahirisha. Mume wangu akanishauri nikae na karatasi ile kabla ya kuamua. Nikapitia kila kosa. Makosa ya kutojua kabisa yalikuwa machache. Mengi nilisoma haraka, swali linasema "ISIPOKUWA" mimi natafuta lililo sahihi, au nilibadilisha jibu dakika za mwisho kwa hofu tu.

Mtihani wetu ulikuwa maswali 200 kwa saa tatu na nusu, yaani sekunde 63 kila swali. Jibu sahihi alama 4, kosa unakatwa 1. Nikapiga hesabu nikiwa nyumbani, kichwa kimetulia: ukishaondoa machaguo mawili kati ya manne, kubahatisha kunakupa wastani wa alama 1.5. Usipoondoa hata moja, wastani ni 0.25 tu. Nikaweka sheria yangu: mawili yameondoka, najibu; sijui kitu, naruka, narudi muda ukibaki. Kila mtu asome kanuni za mtihani wake kwanza, kwa maana pasipo kukatwa alama hakuna sababu ya kuacha swali wazi.

Mgeni Humu

Nimebakiwa na siku 26. Nimesoma kila kitu mara mbili, nikisoma naelewa, nikiulizwa natoka patupu. Nisome mara ya tatu?

Mwanzisha mada

Hapana ndugu yangu, usisome mara ya tatu kwa mtindo huohuo. Ule wepesi unaousikia ukisoma tena unadanganya. Watafiti wa kumbukumbu, Roediger na Karpicke, walilipima hili mwaka 2006: baada ya dakika 5 waliosoma tena walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kuandika walichokumbuka ndio waliowashinda. Wewe mtihani wako hauko dakika 5 kutoka sasa.

Leo chagua mada moja inayokusumbua. Funga kitabu, andika yote unayokumbuka, hata yakiwa mistari mitatu. Kisha fungua, ongeza yaliyokosekana kwa kalamu nyekundu. Keshokutwa rudia mada hiyohiyo kwenye karatasi nyingine. Ni mada gani?

Mgeni Humu

Mishipa ya fahamu ya kichwa. Yote 12.

Chonge

Anza na wa tano na wa saba, kwa sisi wa meno hiyo ni lazima. Andika, halafu rudi hapa utuambie wapi pamebaki wazi. Niko macho hadi saa tano.