Watu 2,300 wameingia dukani kwangu mtandaoni, walionunua 9. Nakosea wapi?

Sandozi wa Sinza
Wakuu habari za mchana. Nauza viatu vya kike: flati, sandozi, mchuchumio, raba kidogo. Mzigo nachukua Kariakoo, stoo ni chumba kimoja hapa nyumbani. Miaka mitatu nimeuzia Instagram na WhatsApp, riziki inapatikana, ila kila kitu ni mimi: "bei gani?", "40 ipo?", "mwisho ngapi?" mpaka saa sita usiku. Nikamlipa kijana laki sita anitengenezee tovuti, nikidhani sasa nitalala.

Mwezi uliopita nimelipia matangazo 150,000. Wameingia watu 2,300. Walioweka kiatu kwenye kapu ni 140 na kitu. Waliolipa 9, na mmoja wao ni wifi yangu. Bei nimeandika wazi, sina mambo ya "njoo inbox". Mume wangu anasema Watanzania hawanunui mtandaoni, nirudi Insta. Naombeni ushauri, kejeli wekeni akiba.

Kibajaji
Shemeji kasema kweli. Jumia, kampuni kubwa ya kuuza mtandaoni, na mtaji wao wote walifunga Tanzania Novemba 2019, sembuse chumba cha Sinza.

Fundi Mbagala
Kibajaji usimkatishe tamaa mwenzio. Watu 140 wameshika kiatu mkononi wakakirudisha rafu, hao si watu wasiotaka kununua. Dada nitumie linki nipite.

Fundi Mbagala
Nimepita. Nimetumia Tecno yangu ya kawaida na bando la kawaida, maana wateja wako hawashindi kwenye waifai. Ukurasa umefunguka nimeshamaliza kunywa chai. Picha umepakia kama zilivyotoka kwenye kamera, moja ina MB 5! Kijana wako azipunguze, KB 150 inatosha kabisa kwa kioo cha simu.

Halafu hiyo habari ya kujiandikisha: barua pepe, neno la siri, rudi kwenye barua pepe uthibitishe. Mtu anataka sandozi ya 25,000 unamsumbua kama anafungua akaunti benki? Jina, simu, mahali alipo, basi.

Lakini kilichoniudhi hasa ni usafiri. Kiatu 25,000, nimejaza kila kitu, hatua ya mwisho kabisa naambiwa 33,000. Hiyo 8,000 ya boda ilikuwa imejificha wapi muda wote? Iandike palepale chini ya bei ya kiatu, kwa maeneo: Sinza na Mwenge kiasi hiki, Mbagala kiasi hiki, mikoani kiasi hiki. Mimi wa Mbagala najua niko mbali, nitalipa. Ila usinishtukize.

Binti Igoma
Niko Mwanza, niseme kama mnunuzi. Niliwahi kutuma hela kwa duka lenye wafuasi elfu themanini, jioni yake nikablokiwa. Tangu siku hiyo, duka nisilolijua nalikagua kama navuka mpaka. Kwako nimeona picha tatu zina maandishi ya Kichina pembeni. Hata kama zingine umepiga mwenyewe, hizo tatu zimeziharibia wenzake. Weka video fupi, kiatu kimevaliwa na mguu wa mtu, kipinde, tuone soli.

Na saizi dada! 38 ya mzigo mmoja si 38 ya mzigo mwingine. Andika sentimita. Mtu akanyage karatasi, kisigino kiguse ukuta, aweke alama kwenye kidole kirefu, apime kwa rula. Mguu wa sentimita 24 unaangukia 38 au karibu na hapo. Na ukipakia mzigo kwenye basi, nitumie picha ya risiti bila kuombwa.

Msee wa Umoja
Salamu kutoka Nairobi. Huku ukibonyeza kulipa, ombi linaruka lenyewe kwenye simu, unaweka PIN ya M-Pesa umemaliza. Hakuna kunakili namba. Mteja ukimpa nafasi ya kutoka kwenda kunakili namba, njiani anakutana na meseji za watu na hasahau kuzijibu, anakusahau wewe. Pia wengi hulipa bidhaa ikifika mlangoni.

Mapazia Tegeta
Ya kulipa mlangoni nilijaribu, yakanikuta. Boda kafika, simu ya mteja haipatikani, nauli juu yangu kwenda na kurudi. Siku hizi mteja wa hapa Dar analipa usafiri kwanza, pesa ya mzigo anatoa akiushika. Oda zimepungua kidogo, hasara imekwisha.

Sandozi wa Sinza
Wakuu, nimejua. Nimemwita mdogo wangu, nikampa simu, nikamwambia nunua kiatu, mimi sisemi neno. (Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi.) Kapita kote kwa kuhangaika, kafika kwenye kulipa, kaingiza Lipa Namba (ile namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu), kabla ya kuweka namba ya siri jina likatokea. Akanigeukia: "Dada, mbona inaandika vipuri vya pikipiki?"

Lipa Namba ni ya duka la mume wangu. Tuliiweka kwa muda tukasahau. Watu wananunua mchuchumio, simu inawaambia wanalipia spea.

Kibajaji
Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Kumbe shemeji anayesema Watanzania hawanunui mtandaoni ndiye tapeli waliyemkimbia.

Binti Igoma
Hata mimi ningekimbia, tena ningekuripoti.

Sandozi wa Sinza
Mrejesho, wiki mbili baadaye. Nina Lipa Namba yenye jina la duka, na jina hilohilo nimeliandika kwenye ukurasa wa kulipa ili mtu alione kabla. Kujiandikisha nimetoa. Usafiri uko chini ya kila bei. Picha kijana kazipunguza, kanidai 40,000, tumeelewana 25,000. Ombi la kuruka kwenye simu bado, gharama yake najipanga. Oda 31, na matangazo sijalipia. Wanne wamebadilisha saizi, wote wa raba, kwa hiyo raba nazipima upya moja moja.

Binti Igoma
Hongera. Ile sandozi ya kahawia, mguu wangu 24 na nusu, ipo? Mwisho ngapi?