Msaada wa haraka: kitenzi cha Kirusi "uzhestochit" kwa Kiingereza

Mgeni_wa_Moscow: Wakuu habari. Nina barua ya Kirusi, kuna kitenzi uzhestochit, kinahusu sheria. Kiingereza chake niweke nini?

Kipanga: "Tighten". Kukaza sheria. Kama ni adhabu zimetiwa makali, "toughen". Kwisha.

Mzee_Samovar: Nilikuwa Chuo cha Lumumba, Moscow, 1984. Bibi wa mlangoni hosteli anafunga saa tano usiku, nje baridi inakata masikio. Sheria ilikuwa bibi mwenyewe. Chokoleti ndiyo ilimlainisha.

Dada_Rehema: Leta sentensi nzima. Na barua inaenda kwa nani?

Mgeni_wa_Moscow: Ya hosteli tu dada. "Pravila uzhestochili."

Kipanga: Hapo mtenda hatajwi. "Wamekaza", lakini kina nani? Warusi wanaipenda sana hiyo. Kiingereza weka "the rules have been tightened".

Dada_Rehema: Hujajibu. Inaenda kwa nani?

Mgeni_wa_Moscow: Haya. Kwa mfadhili. Nimetajwa humo, nilichelewa kurudi mara tatu. Tafsiri nilishatuma jana, niliandika sheria zimekuwa "cruel". Ila sikukosea! Kamusi inasema zhestokiy ni katili.

Kipanga: Zhestokiy ni katili, zhostkiy ni gumu. Ni ndugu, lakini usimkamate mmoja kwa kosa la mwenzake. Uzhestochit ni ya sheria, adhabu, udhibiti. Kinyume chake smyagchit, kulainisha. Katili hayumo.

Mgeni_wa_Moscow: Aliyefungiwa nje kwenye theluji anamjua katili kuliko kamusi.

Mama_Ibada: Saa hizo ulikuwa unatoka wapi mwanangu? Mama yako analala akijua unasoma.

Chuma_Chakavu: Hii chai. Kashatuma, sasa anauliza ya nini? Halafu Urusi hiyohiyo ya notari na mihuri, mfadhili apokee tafsiri ya mtuhumiwa mwenyewe?

Mzee_Samovar: Hata kwa Kirusi inaitwa chai. Bibi yule alikuwa anaichemsha kwenye…

Mgeni_wa_Moscow: Si chai jamani! Mfadhili kajibu asubuhi, anataka barua yenyewe ya Kirusi na tafsiri iliyorekebishwa.

Dada_Rehema: Basi mpe zote mbili, uombe radhi kwa hilo neno moja.

Mgeni_wa_Moscow: Asante dada. Na "trizhdy", lazima iwe mara tatu? Haiwezi kuwa "mara kadhaa"?