Mtoto kaenda shule na malaria ili asikose zawadi ya mahudhurio. Hii haikubaliki!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha.

Kijana wangu yuko kidato cha pili, shule ya kata huku pembezoni mwa Dar. Mwaka huu uongozi ulileta utaratibu mpya: asiyekosa hata siku moja muhula mzima, na akafanya majaribio yote ya Ijumaa, anapewa begi na kaunta buku sita, na jina linasomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Kikaoni nilipiga makofi. Nani hataki mwanawe ahudhurie?

Zimebaki wiki mbili wafunge, dogo akaamka anatetemeka. Namgusa shingo, moto. Nikamwambia leo huendi popote, nikirudi sokoni tunaenda zahanati. Akaanza kulia, mtoto wa miaka 15: "Mama, nimebakiza siku nane tu." Nilipotoka akavaa sare akaenda. Saa 4 napigiwa simu na mwalimu wa zamu, kaanguka darasani. Nimemkuta kalazwa kwenye benchi nje ya ofisi, sweta la mwenzake limekunjwa chini ya kichwa, midomo imekauka kabisa. Zahanati wakapima, malaria. Akapewa dawa mseto, siku tatu. Siku ya pili ya dozi, hata uji haushuki, ananiuliza mwalimu wa darasa kamwandika mgonjwa au mtoro!

Nikapeleka cheti shuleni. Nikajibiwa: "Mama, kukosa ni kukosa. Tukianza kusikiliza sababu, kila mtu atakuja na yake."

Basi siku ya zawadi nikakaa nikaangalia wanaoitwa. Wengi ni wale wanaokaa jirani na shule, au baba ana pikipiki. Wanaotoka kule bondeni hata mmoja! Masika mto ukijaa hawavuki, na wakizunguka barabarani konda akiona sare anafunga mlango, hataki nauli ya mwanafunzi. Wasichana pia walikuwa wachache sana. Vyoo vya shule havina maji, binti akiwa kwenye siku zake unategemea akae pale mpaka saa 9 alasiri? Huyo naye mnamhesabia utoro?

Sasa njoo kwenye hayo majaribio ya Ijumaa. Kila jaribio ni shilingi 500 ya karatasi. Huna, unatoka nje, na kwenye orodha unaandikwa hukushiriki. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, serikali imesema mara ngapi mtoto asitolewe darasani kwa sababu ya mchango? Kwa hiyo zawadi ya kushiriki anapata mwenye 500 ya kila wiki. Tena wanahesabu kuingia tu, si kujibu. Jirani yangu mwanawe anajaza A kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho, anakabidhi, anatoka. Begi kapata. Novemba wana upimaji wa kidato cha pili, ukifeli unakariri darasa. Begi litamjibia maswali?

Walimu siwachukii, wengine wanajituma mno kwa darasa la watoto themanini. Ila aliyebuni hili hakuwafikiria watoto wenyewe. Kama kuna hela ya mabegi, pikeni makande mchana muone kama watoto hawatakuja. Mtoto anayetembea saa nzima bila kunywa hata chai, begi la mwisho wa muhula halimwamshi asubuhi ya leo. Mwenye cheti cha zahanati asihesabiwe amekosa. Na hiyo 500 ife.

Jumatatu saa 2 asubuhi naenda kwa afisa elimu kata na cheti cha mwanangu mkononi. Mzazi ambaye mwanawe katolewa nje kwa ajili ya 500, aandike hapa ni lini na mara ngapi, nipeleke yote pamoja. Jina la shule sitalitaja, wa huku mnaijua.